Breki, kompenseta na sailensa: kipi hupunguza teke la bunduki ya shabaha?

Wasikilizaji wanaotazama video za mashindano ya kulenga shabaha kwenye simu hutuuliza swali hili mara kwa mara. Kile chuma kinene chenye matundu kilichofungwa mdomoni mwa mtutu ni cha nini? Mbona mlengaji mmoja ana chuma cha matundu, mwingine ana kitu kirefu kama kopo lisilo na tundu pembeni, na wa tatu mtutu wake uko wazi?

Kwa kifupi, chuma chenye matundu na lile kopo vyote hupunguza teke, yaani ule mpigo wa kurudi nyuma unaomgonga mlengaji begani. Lakini havifanyi kazi kwa njia moja, na kila kimoja kina gharama yake. Gharama kubwa kuliko zote hulipwa na masikio, na mara nyingi ni masikio ya mtu ambaye hakufyatua risasi hata moja.

Hapa tunazungumzia bunduki za masafa marefu zinazotumika katika mashindano, hasa Marekani, ambako mchezo huu una wafuasi wengi. Mfululizo wa mashindano unaojulikana zaidi huko, Precision Rifle Series, ulianza mwaka 2012. Mlengaji hupewa dakika moja na nusu au mbili hivi kupiga vibao kadhaa vya chuma. Vingine viko mita mia tatu, vingine vinapita mita elfu moja. Halali chini kwa raha zake. Anaegemeza bunduki juu ya pipa, ngazi, jiwe au paa la mbao, anapiga, kisha anahamia sehemu nyingine huku saa inamkimbiza.

Teke linatoka wapi

Aliyewahi kufyatua gobore anajua bega lilivyomuuma siku ya pili. Sababu ni kanuni ya zamani ya Newton: kitu kikisukumwa kwenda mbele, kinachokisukuma husukumwa nyuma kwa kiasi kilekile. Kichwa cha risasi kinatoka mbele, bunduki inarudi nyuma.

Wengi huishia hapo na kusahau kwamba si kichwa cha risasi peke yake kinachotoka. Baruti ikiungua hugeuka gesi, na gesi hiyo nayo ina uzito. Hutoka mdomoni mwa mtutu kwa kasi kubwa kuliko risasi yenyewe. Kama umewahi kushika mpira wa pampu ya kumwagilia shamba injini ikiwa imepandishwa moto, unajua maji yanavyoukataa mkono wako. Gesi ya baruti hufanya vivyo hivyo, ila kwa kufumba na kufumbua.

Tuchukue mfano wa risasi ya 6.5 Creedmoor, iliyoingia sokoni mwaka 2007 na kupendwa sana na walengaji wa masafa marefu. Kichwa chake cha kawaida kina gramu 9 hivi na hutoka kwa kasi ya karibu mita 820 kwa sekunde. Baruti ndani ya ganda haifiki gramu 3, lakini gesi yake inatoka kwa zaidi ya mita 1,200 kwa sekunde. Ukizidisha uzito kwa kasi, utaona kwamba karibu theluthi mbili za msukumo zinatokana na kichwa cha risasi, na karibu theluthi moja inatokana na gesi.

Hiyo theluthi moja ndiyo kazi yote ya vifaa vya mdomoni. Hakuna breki wala sailensa inayoweza kugusa sehemu ya kichwa cha risasi, kwa sababu kichwa lazima kiende mbele. Kinachoweza kubadilishwa ni njia ya gesi.

Theluthi moja inaonekana ndogo, lakini sivyo. Nguvu inayofika begani haipungui sawasawa na msukumo, hupungua kwa mraba wake. Ukiondoa theluthi moja ya msukumo unabaki na theluthi mbili. Theluthi mbili mara theluthi mbili ni sehemu nne kati ya tisa. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya nguvu ya teke imeondoka. Na gesi ikielekezwa nyuma kidogo badala ya pembeni tu, inaivuta bunduki mbele na faida inaongezeka. Katika matumizi halisi si gesi yote inayokubali kugeuzwa, kwani nyingine inatoka pamoja na risasi kupitia tundu la katikati. Ndiyo maana breki nzuri huishia kuondoa kati ya theluthi moja na nusu ya nguvu ya teke, na zile kali hupita hapo.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini breki moja inasifiwa na mtu mmoja na kudharauliwa na mwingine. Risasi ya .308 Winchester ina kichwa cha gramu 11 na baruti isiyofika gramu 3. Ile ya .300 Winchester Magnum ina kichwa kinachokaribia uzito huohuo lakini baruti inapita gramu 4.5. Gesi ikiwa nyingi, breki ina cha kushika. Kwenye bunduki ndogo ya .22, ambayo baruti yake ni kama gramu 0.1, breki ni pambo.

Kuona risasi inapotua

Mtu anaweza kudhani walengaji hawa wanaogopa maumivu ya bega. La. Bunduki zao ni nzito na teke lake si la kumwangusha mtu. Wanachokitafuta ni kuona.

Risasi ya 6.5 Creedmoor huchukua zaidi ya sekunde moja na nusu kufika mita 1,000. Ikiwa bunduki haikuruka, mlengaji anabaki ameangalia shabaha ndani ya darubini yake muda wote huo. Anaona vumbi likitimka kushoto kwa kibao, anajua upepo umemchukua, anasahihisha na kupiga tena. Bunduki ikiruka, darubini inaonyesha mbingu au majani, na risasi inayofuata ni ya kubahatisha. Katika mashindano ambayo hakuna mtu anayeruhusiwa kukunong'oneza risasi ilipoangukia, tofauti hiyo ndiyo ushindi.

Kwa sababu hiyo kinachopimwa si nguvu ya teke pekee. Mdomo kuinuka juu au kuyumba pembeni ni kasoro mbaya zaidi machoni mwa mlengaji kuliko kusukumwa nyuma moja kwa moja.

Breki ya mtutu

Breki ni kipande cha chuma kinachofungwa mdomoni kwa kuzungushwa kama nati kwenye boliti. Ndani yake kuna vyumba, na kila chumba kina uwazi. Gesi ikitoka kwenye mtutu inagonga kuta za vyumba hivyo na kutupwa nje, huku kichwa cha risasi kikipita katikati bila kugusa kitu.

Zipo za aina mbili kuu. Ya kwanza ina matundu madogo mengi yaliyozunguka pande zote. Hii ni rahisi kutengeneza, haijali imefungwa ikiangalia wapi, lakini matundu ya chini hupuliza vumbi. Ukilala chini penye udongo mkavu, risasi ya kwanza inakuletea wingu, na ile faida ya kuona imepotea palepale. Aina ya pili ina milango mikubwa kushoto na kulia tu, mara nyingi mitatu au minne kila upande. Hii haitimui vumbi sana, na milango yake ikilazwa kuelekea nyuma huwa kali kuliko zote. Mfano maarufu ni ile yenye umbo la kichwa cha mshale kwenye bunduki kubwa ya Barrett ya .50, bunduki ambayo bila breki ingekuwa vigumu mtu kuvumilia kuipiga mara nyingi. Mizinga mingi ya jeshi inayopita kwenye gwaride nayo ina breki. Ukiona mzinga wenye kichwa kinene mwishoni mwa mtutu, kazi yake ni hiyohiyo.

Breki nyingi za mashindano leo huongezewa vitundu vidogo upande wa juu, ambavyo mlengaji anaweza kuvifungua au kuviziba kwa skrubu ndogo mpaka mdomo utulie. Vitundu hivyo ndivyo vinavyotuleta kwenye kifaa cha pili.

Kompenseta

Kompenseta haishughuliki sana na kurudi nyuma. Kazi yake ni kuzuia mdomo usiinuke. Inatupa gesi juu, na mdomo unasukumwa chini.

Wasikilizaji wengi wameiona bila kujua jina lake. AKM, ile ndugu ya AK-47 iliyoanza kutumika katika jeshi la Kisovieti mwaka 1959 na ambayo hadi leo hubebwa na askari wengi wa ukanda wetu, ina mdomo uliokatwa mshazari kama mwanzi. Ule mkato si urembo. Gesi inayotoka hukutana na ule mdomo wa chini uliochomoza na kusukuma mtutu chini na kushoto, kwa sababu bunduki hiyo ikipiga mfululizo hupenda kupanda juu na kulia. Bunduki iliyoifuata, AK-74, ilipewa breki kamili na teke lake likawa dogo mno.

Kwa bunduki ya shabaha inayopiga risasi moja moja, kompenseta peke yake haitoshi. Inasaidia ikiwa sehemu ya breki.

Kificha mwako, kile chenye mikono kama uma au kizimba kidogo, tunakitaja ili kisichanganywe na hivi vingine. Kazi yake ni kutawanya gesi ili mwali usionekane usiku. Teke hukiachia begani.

Sailensa

Lile kopo refu ni sailensa, au kizuia sauti. Jina si geni: pikipiki ya bodaboda ina sailensa, na kazi yake inafanana. Gesi yenye joto na msukumo mkubwa huingia kwenye vyumba vilivyopangwa mmoja baada ya mwingine, inapoa, inapungua kasi, kisha inatoka taratibu.

Mtu aliyepata hataza ya kifaa hiki Marekani mwaka 1909 alikuwa Hiram Percy Maxim, ambaye pia alihangaikia vizuia sauti vya injini. Jina lake litawashtua wanaopenda historia. Baba yake, Hiram Maxim, ndiye aliyebuni bunduki ya rashasha ya Maxim mwaka 1884, silaha iliyotumiwa na wakoloni kutawala sehemu kubwa ya Afrika. Baba huyo alizeeka akiwa kiziwi kabisa, kwa sababu ya miaka mingi ya kusimama kando ya bunduki zake. Mtoto akaja na kifaa cha kuzipunguzia kelele.

Sailensa hupunguza teke kwa njia mbili. Inapunguza kasi ya gesi inayotoka, na inaongeza uzito mbele ya bunduki, jambo linalozuia mdomo usiruke. Kwa kawaida haifikii breki kali. Lakini wanaoitumia husema teke lake linakuja polepole, kama kusukumwa badala ya kupigwa ngumi, na wengi wanaona kuwa kusukumwa huko kunawatosha kuona risasi ikitua.

Kasoro zake zipo. Inarefusha bunduki kwa sentimita 15 hadi 22. Baada ya risasi kadhaa inakuwa ya moto wa kuunguza mkono, na joto lake likipanda mbele ya darubini huleta mazigazi, yale mawimbi ya hewa tunayoyaona juu ya lami mchana. Shabaha inaanza kucheza machoni. Walengaji huivalisha kitambaa maalumu kupunguza tatizo hilo.

Na sinema zimetudanganya. Ile sauti ya "pyu" haipo kwa bunduki ya namna hii. Risasi inayokwenda mita 820 kwa sekunde ni zaidi ya mara mbili ya kasi ya sauti, hivyo inapasua anga kwa mlio wake wenyewe ambao sailensa haiwezi kuuzuia.

Hesabu ya masikio

Hapa ndipo sisi tunapoegemea upande mmoja.

Bunduki kubwa isiyo na kifaa chochote hutoa mlio wa desibeli 160 hadi 170 karibu na mlengaji. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mlio wa ghafla kuwa desibeli 140 kwa mtu mzima na 120 kwa mtoto. Desibeli hazihesabiwi kama shilingi: kila zikiongezeka 10, nguvu ya sauti imekuwa mara kumi. Kutoka 140 hadi 160 ni mara mia moja.

Breki inaongeza kelele hiyo masikioni mwa mlengaji na walio kando yake, kwa sababu ile gesi iliyokuwa ikienda mbele sasa inatupwa pembeni na nyuma. Kadiri breki inavyokuwa kali kwa teke ndivyo inavyokuwa mbaya kwa masikio, na hakuna fundi aliyeweza kuvitenganisha viwili hivyo. Ukilala mita mbili pembeni ya mtu mwenye breki kubwa unahisi mlio kifuani na vumbi usoni. Sailensa, kinyume chake, hupunguza desibeli 20 hadi 35, na hiyo mara nyingi inaishusha bunduki karibu na kile kikomo cha 140. Karibu nacho, si chini yake daima.

Chembe za kusikia zilizo ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Risasi moja yatosha kuacha mlio wa "nziii" usiokwisha. Kwa hiyo mwenye breki, na kila aliye karibu, anahitaji vizibo vya sponji ndani ya sikio na vifuniko vya kichwani juu yake, vyote kwa pamoja. Pamba ya kawaida haizuii kitu cha maana.

Jambo hili linagusa watu wa hapa kwetu zaidi ya inavyodhaniwa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini Tanzania uwindaji wa kitalii unaendelea, na vijana wa vijijini huajiriwa kufuatilia nyayo. Mgeni anakuja na bunduki kubwa yenye breki kwa sababu anaogopa teke. Anapopiga, mfuatiliaji nyayo amesimama hatua moja ubavuni mwake, masikio wazi, kwa sababu kazi yake ni kusikiliza pori. Wawindaji wengi wa kulipwa barani Afrika huchukia breki kwa sababu hii hasa, na humwambia mgeni aifungue na kuweka kifuniko cha mdomo kabla ya kuingia porini. Mfuatiliaji ana haki ya kuomba hivyo. Ikishindikana, akae nyuma kabisa ya mlengaji, si ubavuni, na avae vizibo.

Sheria za mchezo, na za nchi

Si kila mashindano yanaruhusu vifaa hivi. Chini ya kanuni za shirikisho la kimataifa la kulenga shabaha, ISSF, linalosimamia mchezo huu kwenye Olimpiki, breki na kompenseta haziruhusiwi kwenye bunduki ndefu. Mashindano ya F-Class, ambako watu hulala bega kwa bega na kupiga masafa ya hadi mita 900 na zaidi, nayo yanakataza breki. Tunadhani hiyo ni busara: jirani yako hawezi kulenga huku wewe unampulizia gesi usoni. Huko walengaji hupambana na teke kwa uzito wa bunduki na kwa namna ya kuishika.

Uzito, kwa kweli, ndiyo njia ya zamani na isiyo na kelele. Ile risasi yetu ya 6.5 Creedmoor ikipigwa kwa bunduki ya kilo 4 inaleta nguvu ya teke ya jouli 15 hivi. Kwa bunduki ya kilo 10 inashuka hadi jouli 6. Ndiyo maana bunduki nyingi za mashindano ya Marekani leo zinakaribia kilo 10, na walengaji wamehamia risasi ndogo za milimita 6 zenye kichwa cha gramu 7 na baruti ya gramu 2. Ukifanya yote hayo, breki kali inaanza kuwa anasa.

Nchini Marekani sailensa ilidhibitiwa na sheria ya mwaka 1934, iliyoweka kodi ya dola 200, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Kodi hiyo imeshushwa hadi sifuri kuanzia Januari 1, 2026, ingawa usajili bado ni lazima, na majimbo kama California na New York yanaendelea kuikataza kwa raia. Norway na Finland mambo ni tofauti kabisa. Huko sailensa huonekana kama chombo cha kawaida cha mwindaji, kwa faida ya masikio yake na ya majirani.

Afrika Mashariki usifunge chochote kwenye bunduki yenye leseni kabla ya kuuliza mamlaka ya silaha iliyokupa leseni hiyo. Na hata ukiruhusiwa, usimpe fundi wa kuchomea vyuma. Tundu la katikati la breki huzidi kichwa cha risasi kwa takriban nusu milimita tu. Likikaa upande kwa unywele, risasi inagonga ukuta wa chuma, na kinachorushwa kutoka hapo hakiendi kwenye shabaha. Iliyofungwa vizuri nayo hubadilisha mahali risasi inapotua, kwa hiyo kila kifaa kinapowekwa au kuondolewa, bunduki hurudishwa uwanjani na darubini kupangwa upya.